Somo la 6: Maajabu Yaliyotoweka

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Dan. 4:28–37, 2 Fal. 24:8–15, 2 Fal. 25:27–30, Mdo. 19:23–41, 2 Pet. 1:16, Luka 10:17–20, Yer. 29:4–7.

Fungu la Kukariri: Luka 10:20. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri. Yesu anawaonyesha wanafunzi wake furaha ambayo hakuna tetemeko wala moto unaoweza kuiondoa: majina yao yanajulikana mbinguni.

Zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa kwa Yesu, mshairi wa Kiyunani aitwaye Antipater, mwenyeji wa Sidoni, alitaja katika shairi lake kazi kubwa za mikono ya wanadamu zilizomshangaza. Wengine nao walitunga orodha zao. Hazikufanana kila jambo. Antipater alihesabu kuta za Babeli, lakini hakuutaja mnara wa taa wa Iskanderia. Hatimaye orodha moja ndiyo iliyozoeleka: Piramidi Kuu ya Misri, Bustani Zinazoning'inia za Babeli, hekalu la Artemi huko Efeso, sanamu ya Zeu huko Olimpia, kaburi la Mausolus huko Halikarnaso, sanamu kubwa ya Rodo, na mnara wa Iskanderia.

Kati ya hayo saba, piramidi peke yake ndiyo iliyosimama hadi leo. Mengine yaliungua, yaliangushwa na matetemeko ya nchi, au mawe yake yalichukuliwa yakajengea mambo mengine. Na moja kati yake, watafiti wanajiuliza kama lilikuwapo kabisa mahali linaposemwa.

Juma hili tutatazama manne kati ya maajabu hayo, yale yaliyo karibu na njia walizopita watu wa Biblia. Tutajiuliza maswali mawili. Muumini afanye nini historia inapokuwa na mashaka? Na ni kitu gani hasa Mungu huona kinafaa kukumbukwa?

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Bustani Zisizo na Ushahidi

*Soma Danieli 4:28–37. Nebukadreza alijivunia nini hasa, na ni nini kilichofuata mara moja?*

Mfalme alikuwa akitembea juu ya jumba lake. Alitazama mji aliokuwa ameujenga, akajipa sifa zote yeye mwenyewe. Wachimbaji wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba alikuwa na vya kujivunia. Kati ya mwaka 1899 na 1917, Mjerumani Robert Koldewey alifukua Babeli, akakuta kuta nene, njia pana ya maandamano, na matofali mengi mno yaliyopigwa chapa ya jina la Nebukadreza.

Lakini bustani ziko wapi? Waandishi wa baadaye walizieleza kwa undani: matuta yaliyopanda ngazi kwa ngazi, miti mirefu, maji yaliyovutwa juu kutoka mtoni. Berossus, kuhani wa Babeli aliyeandika katika miaka ya 200 K.K., anasemekana kueleza kwamba mfalme alizijenga kwa ajili ya mke wake, aliyetoka nchi ya Umedi na kuikumbuka milima ya kwao. Maneno hayo yametufikia kupitia Josephus, aliyemnukuu baada ya karne nyingi. Kwa upande mwingine, Herodotus, aliyeandika juu ya Babeli mapema zaidi, alizungumzia kuta wala hakuzitaja bustani. Nebukadreza mwenyewe aliacha maandishi marefu juu ya kazi zake za ujenzi; ndani yake zimo kuta, mahekalu na majumba, ila bustani hizo hazimo.

Mtafiti wa Uingereza, Stephanie Dalley, ametoa hoja kwamba bustani zilikuwa Ninawi na kwamba aliyezijenga ni Senakeribu, mfalme yule yule aliyemtisha Hezekia. Senakeribu alijisifu kwa bustani zake, na mabaki ya daraja la mawe lililobeba maji yake yangalipo huko Jerwan, kaskazini mwa Iraki. Wengine hawakubaliani na hoja hiyo, na mjadala haujafungwa.

Hapa pana funzo la uaminifu. Wako wanaosimama mbele ya watu na kutumia Bustani za Babeli kama uthibitisho wa kitabu cha Danieli. Lakini Danieli hakuzitaja. Kisa cha sura ya 4 kinahusu moyo wa mfalme, na wala hakihitaji bustani ili kiwe kweli. Tukiegemeza imani ya mtu juu ya jambo ambalo Neno halikulisema, siku jambo hilo litakapotikiswa, mtu huyo ataona kana kwamba Neno lenyewe limetikiswa.

Je, umewahi kutetea Biblia kwa hoja ambayo hukuihakiki? Ungeirekebishaje leo?

JUMATATU

Mafuta ya Mfungwa

*Soma 2 Wafalme 24:8–15 na 25:27–30. Linganisha hali ya Yehoyakini mwanzoni na mwishoni mwa habari yake.*

Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya jumba la kusini la Nebukadreza, Koldewey alikuta jengo lisilo la kawaida. Lilikuwa na vyumba 14 vyenye mapaa ya tao, kuta nene, mawe ya kuchongwa ambayo ni adimu Babeli, na kisima chenye mashimo matatu. Alifikiri amezipata Bustani Zinazoning'inia. Vyumba vile, aliwaza, vilibeba uzito wa udongo na miti, na kisima kilikuwa cha kuvutia maji.

Siku hizi wengi hawakubaliani naye. Mahali pale pako mbali na mto, na vitu vilivyokutwa ndani vinaonyesha kwamba jengo lilikuwa ghala na mahali pa kugawia posho. Humo mlikuwa na vibao vya udongo vyenye hesabu za mafuta na vyakula walivyopewa mateka na mafundi kutoka nchi nyingi. Ni kazi ya makarani, yenye majina na vipimo tu.

Mwaka 1939 mtaalamu Ernst Weidner alichapisha baadhi ya vibao hivyo. Katika hesabu ya mafuta alisoma jina la Yehoyakini, mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Kibao kimoja kina tarehe ya mwaka 592 K.K., kama miaka mitano baada ya kijana yule kutoka nje ya malango ya Yerusalemu na kujisalimisha.

Fikiria alivyokuwa. Alitawala miezi mitatu tu, akiwa na umri wa miaka 18. Alipoteza kiti, mji na hekalu. Kwa macho ya Babeli alikuwa mdomo mmoja zaidi wa kulishwa. Karani aliyeandika jina lake hakujua kwamba anaandika habari za ukoo wa Daudi, ambao kupitia kwake ahadi ya Mungu ilikuwa bado inapita. Mathayo 1:12 unamtaja Yekonia, ambaye ndiye Yehoyakini, katika orodha ya vizazi inayoishia kwa Kristo.

Mchimbaji alitafuta ajabu la ulimwengu. Mahali alipodhani amelipata, palikuwa na kumbukumbu ya mafuta ya mfungwa. Bustani ya mfalme mkuu haijapatikana Babeli hadi leo, lakini posho ya mateka inasomeka.

Ni wakati gani maisha yako yalionekana kuwa madogo kama mstari mmoja katika daftari la mtu mwingine? Habari ya Yehoyakini inakuambia nini juu ya Mungu katika wakati kama huo?

JUMANNE

Hekalu Lililozama Katika Matope

*Soma Matendo 19:23–41. Demetrio aliogopa kupoteza nini? Karani wa mji alishuhudia nini juu ya Paulo na wenzake?*

Hekalu la Artemi lilikuwa fahari ya Efeso. Mwaka 356 K.K. liliteketezwa na mtu aitwaye Herostratus, ambaye, kwa jinsi ilivyosimuliwa, alitaka tu jina lake lijulikane. Waefeso walipiga marufuku jina hilo lisitajwe. Walijenga upya hekalu kubwa zaidi, ambalo Pliny, mwandishi wa Rumi, alisema lilikuwa na nguzo 127. Hilo ndilo lililosimama siku za Paulo.

Demetrio, mfua fedha, alijua hesabu zake. Watu wakiacha kununua vihekalu vya fedha, mafundi watakosa kazi. Hofu ya mfuko ikavaa vazi la dini, na mji mzima ukapiga kelele kwa muda wa saa mbili hivi.

Angalia ushuhuda wa karani wa mji katika fungu la 37. Alisema mbele ya umati kwamba watu hawa hawakuiba hekaluni wala kumtukana mungu wao mke. Paulo alikaa Efeso muda mrefu, na kwa miaka miwili alifundisha kila siku katika darasa la Tirano (Mdo. 19:9, 10). Hakupeleka nyundo wala moto hekaluni. Aliwafundisha watu, na watu wenyewe ndio waliobadilika.

Hekalu liliendelea kusimama kama miaka 200 baada yake. Katika miaka ya 260 B.K. Wagothi walishambulia Efeso na kuliharibu. Baadaye mawe yake yalichukuliwa kwa majengo mengine, na matope ya mto yakafunika msingi. Ilifika mahali hata eneo lake likasahaulika. Mwingereza John Turtle Wood alianza kulitafuta mwaka 1863. Maandishi aliyoyakuta katika jumba la michezo, lile ambalo umati wa Demetrio ulikimbilia, yalieleza njia iliyopitwa na maandamano ya Artemi. Aliifuata njia hiyo, na mwishoni mwa mwaka 1869 akaufikia msingi, mita sita hivi chini ya ardhi. Leo inaonekana nguzo moja tu, iliyosimamishwa upya kwa vipande vilivyookotwa, katika uwanja unaojaa maji wakati wa mvua.

Kwa nini ni muhimu kwamba Paulo hakuligusa hekalu? Tunapozungumza na majirani wa imani nyingine, karani wa mji wetu angeweza kutushuhudia hivyo hivyo?

JUMATANO

Sanamu Iliyovunjika Magotini

*Soma Matendo 21:1 na 2 Petro 1:16. Petro anatofautishaje ushuhuda wa mitume na hadithi za kubuniwa?*

Watu wa kisiwa cha Rodo walizingirwa na jeshi kubwa mwaka 305 K.K., wakastahimili mpaka adui akaondoka. Inasimuliwa kwamba waliuza zana za vita zilizoachwa, na kwa fedha hizo wakamsimamishia mungu wao jua sanamu ya shaba. Fundi wake alikuwa Chares wa Lindo. Kazi ilichukua miaka 12, na kimo chake kilikuwa dhiraa 70, yaani zaidi ya mita 30. Ilisimama kama nusu karne tu. Karibu na mwaka 226 K.K. tetemeko liliiangusha, Strabo anasema ilivunjika magotini. Hawakuisimamisha tena. Pliny aliandika kwamba hata ikiwa imelala ilishangaza, na ni wachache walioweza kukumbatia kidole gumba chake.

Pliny aliishi wakati mmoja na mitume. Kwa hiyo merikebu ya Paulo ilipopita Rodo, mabaki hayo yalikuwa yangali pale. Luka anakitaja kisiwa kwa neno moja, kisha anaendelea na safari. Macho yake yalikuwa kwa ndugu waliokuwa wakiwasubiri mbele.

Kadiri miaka ilivyopita, hadithi za sanamu hiyo ziliongezeka. Michoro mingi inaionyesha ikiwa imetanua miguu juu ya mlango wa bandari, na meli zikipita katikati. Waandishi wa kale hawakusema hivyo. Wazo hilo lilizaliwa karne nyingi baada ya kuanguka kwake, na wataalamu wa ujenzi wanasema sanamu ya namna hiyo isingeweza kusimama. Iko pia habari kwamba mwaka 653 B.K. shaba yake iliuzwa kwa mfanyabiashara wa Edesa, aliyeibeba kwa ngamia 900. Lakini aliyetuandikia habari hiyo, Theophanes, aliishi zaidi ya miaka 150 baadaye, na watafiti wengi wana shaka nayo.

Hakuna aliyekusudia kudanganya kila mara. Mmoja aliongeza kidogo ili hadithi ipendeze, na aliyefuata akapokea nyongeza kama kweli. Petro aliwaandikia waumini kwamba mitume walihubiri waliyoyaona kwa macho yao. Shahidi wa Kristo hahitaji kuongeza chumvi. Ushuhuda wa uponyaji au wa maombi yaliyojibiwa unatosha ukisemwa jinsi ulivyotokea.

Ukisimulia yale Mungu aliyokutendea, ni wapi unapojaribiwa kuongeza? Nyongeza hiyo ina hatari gani kwa anayesikia?

ALHAMISI

Jina Chini ya Lipu

*Soma Mwanzo 11:4 na Luka 10:17–20. Watu wa Shinari walitafuta nini? Yesu aliielekeza wapi furaha ya wale sabini?*

Karibu na mwaka 280 K.K., katika kisiwa cha Pharos mbele ya Iskanderia, mnara wa taa ulikamilika. Wengi wanakadiria kwamba ulizidi mita 100 kwa urefu. Ulidumu kuliko maajabu mengi ya orodha ile, ukawaongoza mabaharia kwa zaidi ya miaka 1,000. Merikebu za Iskanderia zilizompeleka Paulo Rumi (Mdo. 27:6, 28:11) zilikuwa za bandari hiyo.

Matetemeko yaliudhoofisha kidogo kidogo, na lile la mwaka 1303 liliuharibu vibaya. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuona mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1326, upande mmoja ulikuwa umebomoka. Aliporudi mwaka 1349, ulikuwa magofu kiasi kwamba mtu hakuweza hata kuufikia mlango. Katika miaka ya 1470 Sultani Qaitbay wa Misri alijenga ngome mahali pale, na ngome hiyo ipo hata leo. Mwaka 1994 wazamiaji wakiongozwa na Mfaransa Jean-Yves Empereur walianza kuchunguza mawe makubwa na masanamu yaliyolala chini ya bahari karibu nayo.

Lucian, mwandishi wa miaka ya 100 B.K., alisimulia kisa cha Sostratus, ambaye jina lake linahusishwa na ujenzi wa mnara huo. Alisema Sostratus alichonga jina lake katika jiwe, akalifunika kwa lipu, na juu ya lipu akaandika jina la mfalme aliyetawala. Alijua kwamba baada ya miaka lipu itabanduka, jina la mfalme litaanguka nalo, na lake litatokea. Kama ilitukia hivyo au la, kisa hicho kinaujua moyo wa mwanadamu. Mfalme alitaka jina, na fundi naye alitaka jina. Mwishowe jiwe lenyewe likazama baharini.

Wale sabini walirudi kwa Yesu wakifurahia mafanikio ya kazi. Hakuwakemea kwa kufanya kazi njema. Aliwahamishia furaha yao mahali salama zaidi. Kazi yaweza kusahaulika, lakini Yeye aliyewaita hawasahau.

Kanisani kwenu kuna kazi gani ambayo hufanywa bila jina la mtu kutajwa? Ungeifanya kwa moyo ule ule kama hakuna ambaye angejua kamwe?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Yeremia 28:1–11 na 29:4–14.

Biblia haizungumzii Bustani Zinazoning'inia, lakini inazungumzia bustani nyingine katika nchi ya Babeli. Watu waliochukuliwa pamoja na Yehoyakini walikuwa wakisikia manabii wa uongo wakiahidi kurudi nyumbani upesi. Yeremia aliwapelekea barua tofauti. Aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa watoto, na wauombee amani mji uliowateka. Ukombozi ungekuja, lakini baada ya miaka 70.

Hakuna mshairi aliyeziweka bustani hizo katika orodha yake. Zilikuwa za watu waliochimba udongo wa ugenini kwa sababu Mungu aliwaambia kwamba wana mustakabali. Waliopanda, wengi wao, walikufa kabla ya kurudi. Lakini watoto walilishwa, jina la Bwana lilitajwa nyumbani mwao, na miaka ilipotimia palikuwapo watu wa kurudi.

Mambo mengi ya kale yatabaki na mashaka. Muumini anaweza kuyasoma kwa furaha, akakubali palipo na ushahidi, akangoja palipo na mjadala, bila hofu. Matumaini yake hayakuzikwa Babeli wala Efeso. Yuko Kristo aliyefufuka, na mji ambao mwenye kuujenga ni Mungu (Ebr. 11:10).

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana darasani anauliza: "Kama Bustani za Babeli huenda hazikuwapo, tutajuaje kwamba Danieli ni kweli?" Mjadiliane jinsi ya kumjibu kwa ukweli na kwa upole.

2. Demetrio alichanganya dini na biashara. Ni katika mambo gani waumini wa leo huweza kuingia katika mtego huo huo bila kujua?

3. Herostratus alichoma hekalu ili akumbukwe, na Waefeso walishindwa kulifuta jina lake. Kuna tofauti gani kati ya kukumbukwa na wanadamu na kujulikana na Mungu?

4. Fikirieni "bustani" ambayo Mungu amewapa kuipanda mahali mlipo: mtoto wa kulea, mgonjwa wa kutembelea, jirani wa kuombea. Kila mmoja ataje moja atakayoanza kuihudumia juma lijalo, hata kama matunda yake yatavunwa na wengine.